Chupa ya Pauillac ya 1996 iko juu ya friji yangu, naifunguaje na nitajuaje kama ni nzuri?

"Kaka habari. Mimi ni mtu wa Moshi, naishi Bordeaux, Ufaransa, mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee niliyekuwa namhudumia alifariki mwezi wa nne, binti yake akanipa chupa moja ya waini nyekundu kutoka ghala la chini ya nyumba, akasema baba alitaka niwe nayo. Imeandikwa Château Grand-Puy-Lacoste, Pauillac, 1996. Tangu siku hiyo imesimama juu ya friji. Lebo ina ukungu, waini imeshuka mpaka pale chupa inapoanza kupanuka, na nikimulika naona vumbi jeusi chini, nahisi imeshaharibika. Mimi waini niliyozoea ni ile tamu, hizi za huku niliwahi kuonja moja ikanikausha mdomo nikachanganya na Coca-Cola. Desemba mdogo wangu anaolewa Moshi, nilitaka niipeleke ifunguliwe meza kuu. Au niinywe hukuhuku? Na nikiinywa nitajuaje kama ni nzuri kweli, isije ikawa ni siki halafu mimi nasifia."

Dada, kwanza pole na msiba. Kumuuguza mtu mpaka siku ya mwisho halafu ukakabidhiwa kitu chake sio jambo dogo, na huyo mzee alijua anachokupa.

Kabla ya maelezo yoyote, nenda kaishushe hiyo chupa. Leo, usingoje kumaliza kusoma. Juu ya friji ni pabaya, joto linapanda kwa nyuma na mota ikiwaka chupa inatetemeka, tena umeipitisha kiangazi kizima cha Bordeaux hapo. Ilaze ubavu chini kabisa ya kabati la nguo, penye giza, ubaridi na utulivu, ili waini iguse kizibo kisikauke. Ghalani kwa mzee pengine ilikuwa imelala kwenye nyuzi 12 au 14 hivi miaka yote hiyo. Halafu itazame kichwani: kizibo kimejisukuma juu? kuna kitu cha kunata kimechuruzika kwenye kile kifuniko cha bati? Kama hakuna, pumua, miezi hiyo imeichosha kidogo lakini kuna uwezekano mkubwa iko hai.

Ukungu kwenye lebo usikutie hofu, tena ni dalili njema, ghala lilikuwa na unyevu wa kutosha na kizibo hakikukauka. Kuhusu waini kushuka, chupa za Bordeaux zina mabega, na wauzaji wa waini za zamani wanapima umri na afya kwa kuangalia waini imefika wapi, shingoni, juu ya bega, katikati ya bega. Yako kwa maelezo yako iko juu ya bega, na kwa waini ya miaka 30 hivi hiyo ni kawaida kabisa, kidogokidogo inapotea kupitia kizibo. Ingekuwa imeshuka katikati ya bega kwenda chini ningeanza kuwa na mashaka.

Hilo vumbi jeusi sasa ndio nataka tukae nalo kidogo, maana ukilielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kuhusu waini ya zamani.

Unakumbuka ile waini iliyokukausha mdomo? Ule sio uchachu wala sio ubovu, ule ni ukakasi, ni kitu kilekile unachokipata ukitafuna bibo la korosho au ukinywa chai ya rangi iliyoachwa kwenye majani mpaka ikawa nyeusi. Kinacholeta ukakasi kinaitwa tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kidogo kwenye mbao za mapipa ya mwaloni ya lita 225 wanayotumia huko. Tanini ikiingia mdomoni inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, ulimi unakuwa kama kitambaa. Pauillac, eneo ilikotoka chupa yako, ni nchi ya Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene, kwa hiyo waini zake zikiwa changa zina tanini kibao, na wewe bila shaka ulipewa changa, tena pengine bila chakula.

Sasa chukua waini hiyohiyo uifungie kwenye chupa, uiweke gizani. Tanini zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa vipande vikubwa zaidi na zaidi mpaka vinashindwa kuelea, vinazama. Hilo ndilo vumbi lako. Tunaliita mashapo. Yaani ule ukakasi uliokusumbua na ule wekundu wa zambarau, sehemu yake imeshuka chini imelala, na iliyobaki juu imelainika. Wakati huohuo hewa chembechembe sana inapenya kwenye kizibo, asidi na alkoholi zinafanyiana kazi polepole, harufu ya matunda inapungua na zinakuja harufu nyingine ambazo hazikuwepo mwanzo. Kwa hiyo mashapo sio uharibifu, ni risiti ya kazi iliyofanyika humo ndani.

Na hapo nikutoe makosa mawili ambayo watu wetu wengi wanayo, mimi mwenyewe nilikuwa nayo. La kwanza ni kwamba waini ikikaa sana inakuwa kali, inalewesha zaidi. Hapana. Alkoholi haiongezeki kwenye chupa iliyofungwa, angalia lebo, za mwaka huo kutoka Médoc, eneo lenye Pauillac ndani yake, nyingi ziko kwenye asilimia 12.5 na ndipo zilipo mpaka leo. La pili ni kwamba waini yoyote ikizeeka inakuwa bora. Waini nyingi sana duniani zinatengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, ukizihifadhi unahifadhi siki ya kesho. Wewe umekulia kwenye mbege, unajua kinywaji kinachotaka kunywewa kingali hai, siku mbili tatu imekwisha habari yake. Waini nyingi ziko upande huo kuliko tunavyodhani. Zinazozeeka vizuri ni chache, zile zilizoanza na tanini nyingi na asidi ya kutosha, na kutoka ardhi fulani na mwaka fulani.

Yako iko kwenye hizo chache. Pauillac ni mji mdogo kwenye ukingo wa kushoto wa mto Gironde, ardhi yake ni changarawe, maji hayatuami, mzabibu unalazimika kupeleka mizizi chini. Mwaka 1855 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alikuwa na maonyesho makubwa Paris, wafanyabiashara wa Bordeaux wakaambiwa wapange waini zao kwa madaraja, wakapanga matano kwa kufuata bei zilizokuwa zinauzwa. Grand-Puy-Lacoste, nyumba iliyotengeneza waini yako, iliwekwa daraja la tano na iko hapo hadi leo, maana orodha ile karibu haijaguswa, nyumba nyingine ya Pauillac, Mouton, ndiyo iliyopandishwa kwenda la kwanza mwaka 1973. Usidharau neno la tano, ni la tano ndani ya orodha ya wateule, na hii nyumba wanywaji wengi wanaiona iko juu ya daraja lake. Na 1996 ulikuwa mwaka mzuri kwa Cabernet za upande huo wa mto. Ungepewa chupa ya kawaida ya umri huo ningekwambia kaimwage, hii sithubutu.

Haya, Moshi au Bordeaux?

Kubeba inawezekana. Kwenye begi la mkononi viwanja vingi haviruhusu, kwa sababu ya ile sheria ya vimiminika visizidi mililita 100, kwa hiyo inaingia begi la chini, ivalishe soksi nene na nguo pande zote. Tatizo ni mashapo yale, safari nzima yanatikiswa, ukifika waini ni tope, inabidi uisimamishe mahali pa baridi wiki moja au mbili itulie, na Moshi mjini Desemba unaijua wewe. Halafu ni meza kuu, dada. Chupa moja ni sentilita 75, glasi sita ndogo, muziki unapiga, MC anapiga kelele, imemiminwa kwenye glasi iliyokuwa na soda, juu yake pilau na pilipili. Waini ya umri huu inaongea kwa sauti ya chini, ukumbi wa watu 300 hutaisikia. Na baba na wajomba waliozoea tamu watasema kwa heshima tu "ni nzuri mwanangu" halafu glasi inabaki mezani. Ningekuwa mimi, harusini ningepeleka chupa changa kadhaa za kuchangamkia, hii ningeifungua hukuhuku Bordeaux na watu wawili watatu. Wa kwanza ningemwalika yule binti wa mzee.

Kuuza pia inawezekana, sitakuficha, waini hizi zina soko la mnada. Ila chupa moja yenye lebo ya ukungu, utoe kamisheni yao, sidhani kitakachobaki kitakufurahisha kuliko kuinywa. Kama hela inabana kweli hiyo ni habari nyingine na hakuna dhambi ndani yake.

Tuseme umekubali. Siku mbili kabla, itoe ilikolala uisimamishe taratibu, mashapo yashuke yote kwenye kitako. Siku yenyewe hakikisha iko kwenye nyuzi 16 mpaka 18. Watu wanasema waini nyekundu inanywewa kwenye joto la chumba, ni kweli, ila chumba walichokuwa wanakisema ni cha nyumba za zamani za Wafaransa kabla ya hita, sio sebule yako yenye nyuzi 23. Dakika 20 kwenye friji inatosha kuishusha, ukiiweka imesimama wima.

Kizibo ndicho kitakachokutoa jasho. Baada ya miaka karibu 30 kimelowa na kuchoka, kinaweza kukatika katikati au kusagika. Kata kifuniko cha bati chote cha juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji, halafu ingiza kizibuo katikati kabisa na uende mpaka mwisho, kisha vuta polepole kama unamtoa mtoto usingizini. Kuna kifaa kingine chenye miguu miwili myembamba, unaipenyeza pembeni ya kizibo, huku na huku, halafu unazungusha ukivuta, kwa chupa za zamani hicho ni bora na duka la waini lililo karibu yako wanacho. Kikikatika usilie. Mimi mwaka wangu wa kwanza mgahawani Paris nilikisukuma ndani kizibo cha mgeni, waini ikanirukia kwenye shati jeupe, na mgeni mwenyewe ndiye aliyenifundisha cha kufanya. Chukua kichujio cha chai, cha chuma, kisafi kisicho na harufu ya sabuni, kiweke juu ya jagi la kioo, maisha yanaendelea.

Kumimina fanya hivi. Jagi nalo lisuuzwe kwa maji matupu. Washa tochi ya simu uilaze mezani ikimulika juu, shika chupa shingo yake iwe juu ya ile taa, mimina kwa mkono mmoja bila kusimama. Ukisimama katikati mashapo yanarudi nyuma na kuvuruga yote. Mwanzo utaona nyekundu safi inapita kama kioo, inapita, inapita, halafu ghafla kwenye bega unaona uzi mwembamba wa moshi mweusi unajongea kuelekea shingoni. Acha hapohapo. Vidole viwili vinavyobaki chini ni vya kuachwa, sio sumu, ni chungu na vina mchanga tu, mimi huwa naviweka kwenye rosti.

Na usije ukaimimina mchana ikae wazi mpaka jioni eti ipumue. Ushauri wa kuacha saa mbili tatu ni wa waini changa yenye ukakasi. Émile Peynaud, profesa wa Bordeaux aliyewafundisha watengenezaji wengi wa huko, alisisitiza kwamba waini ya zamani inamiminwa kutenga mashapo tu, na inamiminwa dakika za mwisho, kwa sababu harufu zilizobaki ni chache na zinakimbia. Watu wakishakaa, ndio umimine.

Kuionja sasa. Weka kidogo tu, theluthi ya glasi kubwa. Ilaze glasi juu ya karatasi nyeupe uangalie ukingoni, utaona sio zambarau tena, ni rangi ya tofali lililochomwa. Ukiona kahawia tupu kama chai ya juzi, hiyo imekwenda. Halafu nusa kabla hujaizungusha. Inaweza kukukaribisha vibaya, harufu ya stoo iliyofungwa, na hapo ndipo watu wanakata tamaa wakamwaga. Subiri. Dakika kumi, kumi na tano, rudi tena. Harufu ya kufungiwa inaondoka, na nyuma yake vitu vinaanza kujitokeza kimoja kimoja. Kwa Pauillac ya umri huo mimi huwa natafuta penseli iliyochongwa sasa hivi, tumbaku kavu, mkoba wa ngozi wa zamani, na kwa mbali tunda jeusi kama Ribena iliyopungua sukari. Na kuna moja wewe utaijua kuliko Mfaransa yeyote: kihamba baada ya mvua, pale chini ya migomba majani yanapoozea na uyoga unaota. Wenyewe wanasema harufu ya sakafu ya msitu, ni ileile.

Ukinywa, usimeze haraka. Izungushe mdomoni, vuta hewa kidogo kwa midomo kama unapooza uji, maana ladha nyingi unayodhani iko kwenye ulimi inapanda kwa nyuma ya koo kwenda puani. Haitakuwa tamu, jiandae na hilo, sukari iligeuka alkoholi yote tangu 1996. Utakachotafuta ni ulaini, ukakasi upo lakini kama kitambaa cha hariri sio gunia. Ukishameza, hesabu kimyakimya ladha inakaa sekunde ngapi. Wafaransa wana mpaka jina la sekunde moja ya hiyo, caudalie. Waini ya kawaida inakatika upesi, hii ikikaa unahesabu mpaka unasahau kuhesabu, basi hapo huhitaji mtu akwambie.

Na siki utaijua, dada, pua yako imepika miaka yote hiyo haiwezi kukudanganya. Siki au rangi ya kucha inachoma pua. Kuna ugonjwa mwingine wa kizibo, harufu ya boksi lililolowa maji, huo tofauti yake na harufu ya stoo ni kwamba stoo inaondoka glasi ikikaa, boksi linazidi. Haidhuru mwili ila hakuna dawa yake, inatokea hata kwa nyumba kubwa. Ikiwa hivyo sema wazi imeharibika, wala hujamkosea marehemu.

Kuhusu kuaibika, nikupe kisa. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux hukohuko walichapisha jaribio lao, waliwapa wanafunzi 54 wa fani ya waini, waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wale wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Watu waliokuwa wanasomea! Kwa hiyo ukinusa kihamba sema kihamba, usitafute maneno ya kwenye lebo. Siku yangu ya kwanza kuonja kitu cha umri huo nilisema "inanuka kabati la bibi", nikajua nimeharibu kazi, mkuu wangu akacheka akasema ndivyo hasa.

Chakula kiwe kimya. Kondoo wa kuokwa na chumvi na kitunguu saumu kidogo, huko Pauillac kondoo ndio chakula chao cha jadi, na viazi. Pilipili, ndimu, kachumbari vyote viwe mbali. Imalizeni usiku huohuo, kesho asubuhi haitakuwepo tena, nusu chupa itakayobaki itakuwa maji mekundu.

Kama baada ya haya yote bado mkono unatetemeka, ipige picha ya kizibo, bega na lebo, uende kwa muuza waini wa mtaani, yule wa duka dogo sio wa supamaketi. Mji wako umejaa hao, wanapenda sana kuulizwa, na wengi watakubali kukufungulia wenyewe, ila usiibebe ikatikisike siku hiyohiyo ya kunywa. Na kama unatumia dawa yoyote au una mimba, muulize kwanza daktari au mfamasia, umri wa waini haubadilishi hilo.

Mwisho ile Coca-Cola yako, usione haya hata kidogo. Wabaski, hapo kusini yako mpakani na Hispania, wana kinywaji chao kabisa kinaitwa kalimotxo, nusu waini nyekundu nusu kola na barafu, sherehe zao zinakwenda kwa hicho. Wanatumia waini changa ya bei ya chini. Kwa hiyo ile ya euro 4 changanya unavyotaka. Hii ya mzee, ukiichanganya usiniambie.